Hivyo Sivyo Nyaga Alivyokufa

Siku moja kabla ya vita kuanza, mume wangu Nyaga alikuwa amelala chali chini ya feni, simu ameiinua juu ya uso kwa mikono miwili, anarusha ndege. Ilikuwa Ijumaa, siku yetu ya mapumziko. Khartoum ilikuwa katika mfungo wa Ramadhani na joto lilikuwa limeunyamazisha mtaa mzima. Mimi nilikuwa nimeketi mlangoni nikichambua dengu.

"Kapteni, chakula utapika wewe leo?" nikamuuliza.

"Ngoja kidogo. Niko karibu kutua."

Nilimwita Kapteni kwa sababu gemu yenyewe ilimwita hivyo kila alipoifungua. Ndani ya simu kulikuwa na sauti ya mwanamume iliyomkaribisha kwa Kiingereza kizito, naye Nyaga alitabasamu kila mara kama mtu aliyesalimiwa na mkubwa wake. Ndege aliyoipenda ilikuwa ya kivita, rangi ya mchanga, yenye mikia miwili iliyosimama. Alijua uzito wake, mwendo wake, na jinsi injini zake zilivyopangwa. Yeye alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kilichofungasha majani ya chai kutoka kwetu, na kitu chochote chenye injini kilimpa raha. Alinionyesha ikipanda wima mawinguni, ikigeuka, ikishuka juu ya mji mmoja wa jangwani. Akabonyeza. Mtaa ukafumka moto mwekundu, na alama zikapanda pembeni mwa kioo.

"Hii ni kazi ya akili, Kendi," alisema. "Mtu aliketi chini akafikiria haya yote."

Sikumpinga. Ilikuwa nzuri kwa kweli.

Mimi ni mtu wa Kanyakine, kule Imenti Kusini, na Nyaga alikuwa wa Siakago kwa Wambeere. Tulikutana Embu, tukaoana, kisha kazi ikatupeleka Sudan pamoja: yeye kiwandani, mimi jikoni nikiwapikia wafanyakazi. Tulipanga chumba katika ua wa mjane mmoja, Hajja Saadia, aliyeishi na mdogo wake Khalid. Khalid aliuza maji kwa mkokoteni wa punda. Jioni ile walipofuturu walituita, kama walivyozoea. Tulikula ful, maharagwe yao ya kupondwa, kwa mkate, tukanywa maji ya ukwaju. Nyaga alibishana na Khalid kuhusu mpira kwa Kiarabu chake kibovu, Hajja akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya toubu aliyojitanda.

Asubuhi yake, Jumamosi, nilidhani ni lori linamwaga kokoto.

Kisha mlio wa pili. Wa tatu. Hajja akatoka chumbani ameshika tasbihi, akatazama mbinguni. Bunduki zilikuwa zikilia upande wa uwanja wa ndege, na juu yake kukaja sauti ambayo sina mahali pa kuilinganisha. Niliisikia kifuani kabla ya kuisikia masikioni. Sufuria zikatetemeka ukutani.

Nyaga alipanda ngazi ya kwenda juu ya paa.

"Shuka," nikamwambia.

"Kuja uone. Ni ile yenyewe. Ile ya mikia miwili."

"Nyaga, shuka."

Alikaa huko akiifuata kwa macho, mkono juu ya paji la uso. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyeona kitu alichokitamani maisha yake yote. Sijawahi kumlaumu kwa hilo. Hata mimi, niliyekuwa nikitetemeka chini, nilitaka kujua inafananaje.

Ilizunguka. Ikashuka pua chini. Kitu kikadondoka tumboni mwake.

Ardhi ikaruka.

Nyaga alishuka ngazi bila kugusa vidato. Tukalala sakafuni, kifudifudi, mkono wake umenibana shingoni. Vumbi liliingia kupitia dirishani likakaa juu yetu. Upande wa pili wa barabara mwanamke alikuwa akiita jina moja, akirudia, akirudia, kisha akaacha.

Siku zile zilizofuata zilifanana. Umeme ulikatika, maji yakakatika baadaye. Tulijifunza kulala kwenye korido, mbali na madirisha. Tulijifunza kwamba ukiisikia ndege vizuri, imeshapita, na iliyokupita imeenda kwa mwenzako. Ndani ya gemu ile, Nyaga aliniambia, kuna kengele inayolia ukitafutwa na kombora, na mshale unaokuonyesha upande linakotoka. Sisi hatukuwa na kengele. Tuliwatazama paka wa Hajja. Walipoingia chini ya kitanda, nasi tuliingia.

Siku moja Khalid alituchajia simu kwa betri ya gari la jirani. Nyaga aliishika yake, akaitazama muda mrefu, akaifuta gemu ile. Aliweka simu mfukoni akaenda kumsaidia Khalid kumnywesha punda.

Kuhusu siku ya kifo chake nitasema yale niliyoyaona, basi.

Maji yalikuwa yamekwisha. Kisima kilichobaki kilikuwa karibu na kinu cha unga, na foleni ilianza alfajiri. Nyaga alienda na Khalid na mkokoteni. Mimi nilitaka kwenda. Akasema mikono minne inatosha.

Paka waliingia chini ya kitanda.

Sikuisikia ndege. Nilisikia bomu, halafu ndege.

Nilitoka mpaka langoni. Hajja alinishika nguo kwa nyuma. Alikuwa mzee lakini alinishika.

Khalid alirudi akimvuta punda kwa masikio. Nyaga alikuwa amelala mkokotenini, katikati ya mapipa matupu. Alikuwa macho. Aliniona. Tumbo lake lilikuwa limefungwa kwa kilemba cha Khalid, na kilemba hakikuwa cheupe tena.

Hospitali ya karibu ilikuwa imefungwa, na ya mbali ilikuwa ng'ambo ya daraja lililokuwa na wanajeshi. Khalid alijaribu. Walimrudisha kwa mtutu. Tukamlaza Nyaga kwenye korido. Hajja alikiweka kichwa cha Nyaga mapajani mwake, mimi nikashika mikono. Hakupiga kelele. Aliongea Kimbeere, lugha aliyokuwa ameacha kuitumia hata nami, kwa kuwa tulikuwa tumezoea Kiswahili. Aliomba maji. Kulikuwa na kiasi kidogo kwenye birika la udhu la Hajja. Nilimpa.

Alikata roho jua likiwa bado kali.

Makaburini hakukufikika. Majirani walichimba ndani ya ua, chini ya mwarobaini, wakipokezana jembe na kukimbilia kuta kila mlio uliposikika. Khalid aliniuliza sisi Wakristo tunaomba vipi. Nikasema Baba Yetu kwa Kimeru, sauti yangu ikakatika, nikaanza tena mwanzo mpaka nikamaliza. Wanaume wale waliokuwa wamefunga saumu walisimama kimya mpaka mwisho, kisha wakasema amina.

Safari ya kutoka Khartoum ilikuwa ndefu na watu wengi wameisimulia vizuri kuliko mimi. Nilisafiri kwa mabasi mpaka mpakani, nikalala nje kwenye mawe na maelfu ya wengine, nikavuka Ethiopia, nikafika nyumbani na begi moja. Hajja alikataa kuondoka. Alisema kuna mgeni wake uani, hawezi kumwacha peke yake.

Nilipofika Siakago kwa mama mkwe wangu, nilikuta tayari wamelia. Habari zilikuwa zimetangulia. Nilichokuwa sikijui ni kwamba picha pia zilikuwa zimetangulia.

Njeru, kaka mkubwa wa Nyaga, ni mfanyabiashara wa muguka, majani yale ya kutafunwa. Mtu mkarimu, mwenye sauti kubwa, aliyempenda mdogo wake kuliko alivyojua kusema. Siku ya pili alinivuta kando akanipa simu.

"Shemeji, pole kukuonyesha hii. Lakini ni vizuri ujue kwamba sisi tuliona."

Ilikuwa video. Ndege ya kivita ya rangi ya mchanga, mikia miwili, inashuka kutoka kwenye jua. Inapita juu ya mji wa jangwani. Makombora mawili yanatoka yakifuatana, mtaa unafumka moto mwekundu, na kwa mbali kuna nyimbo za huzuni ambazo mtu alikuwa ameziweka juu yake. Chini kulikuwa kumeandikwa: Khartoum. Mtu fulani aliituma kwenye kundi la ukoo, naye aliipata kwa mwingine, na kila aliyeipokea aliiongezea maneno, mpaka ikafika hapo ikiitwa siku aliyokufa Nyaga wetu.

"Njeru, hii ni gemu," nikasema.

"Gemu gani?"

"Gemu ya simu. Nyaga mwenyewe alikuwa akiicheza. Huo mtaa ninaujua, alikuwa akiupiga kila Ijumaa."

Alinitazama kwa huruma, vile unavyomtazama mgonjwa anayekataa kuwa anaumwa. "Umechoka, shemeji. Pumzika kwanza."

Nilirudia kwa binamu zake. Nilirudia kwa shangazi. Wote walinipa pole. Mmoja akasema mshtuko hufanya mtu akatae alichokiona. Mimi niliyekuwa pale nilikuwa nakosea, na waliokuwa na simu Siakago ndio walioona.

Nilirudi Kanyakine kwetu, nikakaa kidogo, kisha nikapanga chumba Majengo mjini Meru, karibu na msikiti. Nilianza kupika chapati na maharagwe kwa wenye bucha na madereva wa malori. Wengi wao ni Waislamu na Kiarabu changu cha ful na ukwaju kiliwachekesha. Sikuhamia pale kwa ajili ya kusahau. Nilitaka mahali ambapo mtu akiswali jirani yangu ningewakumbuka watu waliomzika mume wangu.

Mwaka ulipokaribia kutimia tangu kifo chake, Njeru alikuja Meru kuniarifu mipango ya ibada ya ukumbusho. Kanisa limepatikana, mbuzi wamepatikana, na amekodi projekta. Wataonyesha picha za Nyaga tangu utotoni. Mwishoni wataonyesha ile video.

Nilikuwa nakanda unga. Nikaacha.

"Mkiionyesha, nitasimama mbele ya hiyo skrini. Mtanitoa kwa nguvu mbele ya pasta."

"Kendi, sikia." Aliketi kwenye kreti ya soda, akashusha sauti. "Mimi si mjinga. Labda ni gemu, labda si gemu. Lakini mama ameikubali. Kila akiniuliza kama Nyaga aliumia, mimi humwonyesha hiyo. Anaona ni moto mara moja, imeisha. Ndiyo analala. Sasa unataka nimnyime hata hiyo?"

Hapo ndipo nilipomwelewa, na hapo ndipo nilipokasirika zaidi. Kwa sababu ndani ya video ile hakukuwa na Nyaga. Hakukuwa na kilemba cha Khalid wala mapaja ya Hajja. Hakukuwa na watu waliochimba ardhi ngumu wakiwa na njaa. Kila mmoja aliyemtendea wema alikuwa amefutwa, ikabaki ndege peke yake, ikimeremeta.

"Simama twende," nikamwambia.

Hatua chache kutoka kwangu kuna chumba cha gemu cha kijana mmoja anayeitwa Rashid, mtu mzima mwenye mke na mtoto, anayekodisha skrini kwa saa. Kutwa nzima nilikuwa nasikia milio yake kupitia ukutani. Majirani walishaniambia nihame au nimwombe apunguze. Sikufanya hata moja. Nimetolewa chumba kimoja na ndege. Cha pili sikuwa tayari kutoka.

Rashid alipotuona alidhani nimekuja kulalamika.

"Ile ya ndege ya mikia miwili unayo?" nikamuuliza. "Yenye mji wa jangwani."

"Iko, mama. Hapa iko na picha safi kuliko ya simu."

Akaiwasha. Sauti ya mwanamume ikamkaribisha kapteni. Njeru alisimama nyuma yangu amekunja mikono. Rashid alirusha ndege, akaipandisha, akaishusha kutoka kwenye jua. Ule mtaa ukaja. Ule mnara. Makombora mawili yakafuatana, na moto ukafumka kwa umbo lilelile, wekundu uleule.

Njeru akatoa simu yake akaiweka kando ya skrini. Akaangalia huku, akaangalia kule.

"Rudia," akasema.

Rashid akarudia. Mtaa ulikuwa mzima tena. Akaupiga tena.

"Hiyo yako mtu amerekodi kutoka kwa hii," Rashid akasema, akiitazama ile simu. "Amekata tu zile alama za pembeni. Wanafanyanga hivyo sana."

Njeru akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Na watu?"

"Watu gani, mzee?"

"Wa huo mji. Wenye hizo nyumba."

Rashid akafikiria. "Hakuna watu. Ni nyumba tu. Wangeweka watu wote hao gemu ingekuwa nzito, ingekuwa inakwama."

Nilimwomba padi ya kuchezea. Alinionyesha pa kushika. Sikubonyeza kitufe cha makombora. Niliishusha ile ndege chini kadiri nilivyoweza, nikapita juu ya paa, juu ya nyua, juu ya barabara, polepole kuliko inavyoruhusiwa, mpaka ikagonga jengo ikalipuka. Skrini ikaniuliza kama nataka kuanza upya. Nikamrudishia Rashid padi yake.

Nje, Njeru aliegemea ukuta wa bucha, akalia kwa sauti yake ile kubwa. Wapita njia waligeuka. Hakujali, wala mimi sikujali.

Tulienda Siakago pamoja. Mama alikuwa uani akipeta ndengu, uteo ukipanda na kushuka. Njeru aliketi chini kwenye udongo karibu na miguu yake.

"Mama, ile video si Nyaga. Ni mchezo. Nilikukosea. Kendi alikuwa huko, sikiza Kendi."

Mama aliweka uteo chini. Anasikia Kimeru changu bila shida, nami Kimbeere chake. Nilimweleza yote, tangu mikono minne inatosha mpaka amina. Sikupunguza. Alipokuwa akitaka kusimama nilinyamaza, alipokaa nikaendelea.

"Alikuwa na kiu?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Ulimpa maji?"

"Nilimpa."

"Mengi?"

"Yaliyokuwepo."

Kuku walianza kula ndengu zilizomwagika na hakuna aliyewafukuza. Kisha akauliza jina la yule mama aliyeshika kichwa cha mwanawe. Nilimwambia. Alilirudia, Saadia, Saadia, akijifunza kulitamka. Akainuka akaingia ndani akafunga mlango, na siku ile hakutoka tena, wala hakula.

Ibada ilifanyika. Video haikuonyeshwa. Mzee mmoja wa ukoo alipopewa nafasi alisema Nyaga alipata ajali akiwa kazini nchi za nje, Mungu alimhitaji. Nilisimama bila kuitwa. Nikasema hapakuwa na ajali. Nikasema mume wangu aliuawa kwa bomu lililoangushwa na ndege iliyorushwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na macho, na chini yake kulikuwa na foleni ya watu wenye mitungi. Nikasema ana kaburi, na waliomzika ni Waislamu, na yeyote mwenye neno baya juu yao alitoe nikiwa bado nimesimama. Yule mzee alinung'unika kwamba mwanamke haongei hivyo kanisani. Njeru akamwambia akae.

Baadaye Njeru alizunguka kwa kila mtu wa ukoo kuomba ile video ifutwe. Wengine waliifuta. Wengine walisema wameifuta. Najua bado inatembea, kwa sababu mteja mmoja alinionyesha juzi nikimpakulia maharagwe, safari hii ikiwa na jina la nchi nyingine kabisa. Nilimwambia ni gemu. Akabisha. Nikaweka mwiko chini, nikamwonyesha mlango wa Rashid. Nitafanya hivyo kwa kila atakayeniletea, hata nikiunguza chapati.

Hajja Saadia sijamsikia tangu mtandao wa kule ukatike. Sijui kama yu hai, sijui kama ule ua bado una kuta. Huenda hata kaburi halipo. Sijifariji kwa uongo kuhusu hilo.

Na mama mkwe wangu halali vizuri siku hizi. Aliniambia mwenyewe, bila kunilaumu. Zamani akifumba macho aliona moto mara moja, imeisha. Sasa anamwona mwanawe anaomba maji. Hayo ndiyo niliyompelekea. Nimeyapima mara nyingi, na uzito wake naujua. Ningeyapeleka tena.